Siku saba za kujaribu kifaa cha maumivu: mgonjwa awe huru kusema kweli

Kila kamati ya parokia inayafahamu maombi ya msaada wa matibabu. Huyu amevunjika mguu, yule anahitaji upasuaji wa jicho, mwingine hana nauli ya kwenda hospitali ya rufaa. Kwa maombi ya namna hii wajumbe wanajua la kuuliza. Lakini mwaka jana kamati moja ya eneo letu ilipokea ombi la aina nyingine. Mwalimu mstaafu, aliyekwisha kupasuliwa kiuno mara mbili baada ya ajali ya pikipiki, aliomba achangiwe aende India kuwekewa kifaa cha umeme mgongoni "kwa majaribio ya siku saba".

Mjumbe mmoja aliuliza: "Tunachangia matibabu au tunachangia majaribio?" Lilikuwa swali zuri, ila siku ile hakuna aliyekuwa na jibu. Parokia ilichanga, wafadhili wawili wakaongezea, na Mwalimu akasafiri na mke wake.

Siku ya nne ya jaribio mwenyekiti wa kamati alipiga simu kumjulia hali. Mwalimu akajibu: "Namshukuru Mungu, naendelea vizuri sana." Simu ilipokatika, mke wake alimtazama bila kusema neno. Asubuhi ile, katika daftari alilopewa na hospitali, Mwalimu alikuwa ameandika kuwa maumivu yake ni 7 kati ya 10. Kabla ya kuwekewa kifaa yalikuwa 8.

Tunaandika habari hii kwa ruhusa yake, bila kumtaja jina, kwa sababu ina funzo kwetu sote tunaochangisha na tunaotoa. Makala haya yanaeleza kifaa hicho ni nini, siku za jaribio zinapitaje, na jinsi kamati inavyoweza kumsaidia mgonjwa bila kumtwisha mzigo mwingine.

Maumivu sugu ni nini?

Maumivu ya kawaida ni mlinzi. Ukigusa sufuria ya moto unavuta mkono. Kidonda kikipona, maumivu nayo huondoka. Maumivu yakidumu zaidi ya miezi mitatu huitwa maumivu sugu. Wakati mwingine chanzo chake ni mishipa ya fahamu yenyewe iliyoumia. Mishipa hiyo huendelea kupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo ingawa jeraha limekwisha kufunga. Wagonjwa wengi husema wanasikia moto, shoti ya umeme, au kuchomwa na sindano kuanzia kiunoni hadi unyayoni.

Maumivu haya hayaonekani kwa macho. Mgonjwa hana bandeji wala plasta. Ndiyo maana wengi husemwa kuwa ni wavivu au wanajisingizia. Kamati isipolielewa jambo hili haitaweza kulishughulikia ombi kwa haki.

Kifaa kinafanyaje kazi?

Ndani ya mifupa ya uti wa mgongo hupita ugwe mgongo, yaani fungu nene la mishipa ya fahamu linalobeba habari kati ya mwili na ubongo. Mwaka 1965 wanasayansi wawili, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kuwa katika ugwe huo ni kana kwamba kuna lango. Habari nyingine za mwili, kama vile kuguswa, zinaweza kulifunga lango hilo kwa sehemu na kupunguza maumivu yanayofika kwenye ubongo. Kila mama analijua jambo hili bila kusoma kitabu: mtoto akijigonga goti, mama hulisugua, na maumivu hupungua.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1967, daktari Norman Shealy wa Cleveland, Marekani, alimwekea mgonjwa wa saratani kifaa cha kwanza cha kupeleka umeme mdogo kwenye ugwe mgongo. Vifaa vya leo vimetokana na kazi hiyo. Vina nyaya nyembamba zinazolazwa karibu na ugwe, nje ya utando unaoufunika, na betri inayotoa umeme mdogo sana. Katika vifaa vya aina ya zamani mgonjwa husikia mtekenyo, kama sisimizi wanatembea mahali penye maumivu. Baadhi ya vifaa vipya hutumia umeme wa kasi kubwa, na mgonjwa hasikii mtekenyo wowote. Ni vema aambiwe mapema ni aina ipi, asije akadhani kifaa kimezimika.

Ieleweke kuwa kifaa hiki hakitibu ugonjwa uliosababisha maumivu, na hata kikifanya kazi vizuri ni nadra kuyaondoa maumivu yote. Kazi yake ni kuyapunguza.

Kwa nini kujaribu kwanza?

Kabla ya mtu kupasuliwa na kuwekewa betri ndani ya mwili, madaktari hutaka kuona kama kitamsaidia. Katika jaribio nyaya huingizwa mgongoni kwa sindano maalumu, na betri hubaki nje, ikiwa imefungwa kiunoni kama mkanda. Mgonjwa huishi nayo kwa siku kadhaa, kwa kawaida kati ya 3 na 10, kufuatana na utaratibu wa hospitali.

Kipimo kinachotumika sana ni hiki: maumivu yapungue angalau kwa nusu, na maisha ya kila siku yawe bora. Mtu aliyekuwa kwenye 8 ashuke hadi 4 au chini yake, alale vizuri zaidi, atembee mbali zaidi. Uingereza, kwa mfano, taasisi ya NICE ilitoa mwongozo mwaka 2008 kwamba kifaa cha kudumu wapewe watu wazima ambao maumivu yao ya mishipa ya fahamu yamedumu angalau miezi sita licha ya matibabu mengine, na ambao jaribio lao limefaulu.

Kwa hiyo jaribio ni swali. Majibu yanaweza kuwa ndiyo au hapana, na yote mawili yana faida. Jibu la hapana humwepusha mgonjwa na upasuaji usio na maana, na huiepusha jamii na gharama kubwa.

Kabla ya siku ya jaribio

Mgonjwa anapaswa kumweleza daktari dawa zote anazotumia, hasa dawa za kuzuia damu kuganda. Dawa hizo zisiachwe wala zisiendelezwe bila maelekezo yake. Aeleze pia kama ana kisukari, homa, kidonda au jipu lolote, kwa kuwa vijidudu vikifika karibu na ugwe mgongo ni hatari kubwa. Hospitali nyingi hutaka azungumze na mtaalamu wa saikolojia. Asione kuwa anadharauliwa au anadhaniwa ana wazimu. Maumivu ya miaka mingi huchosha moyo, na msongo na huzuni huweza kuathiri matokeo.

Ni muhimu pia aandike malengo yake mapema, tena yawe ya kupimika. "Nataka kupona" halipimiki. "Nataka kukaa kwenye kiti saa moja bila kusimama" au "nataka kulala saa tano mfululizo" yanapimika. Mwalimu aliandika mawili: kutembea hadi shuleni alikofundisha, na kukaa ibada nzima bila kutoka nje.

Siku za jaribio

Wakati wa kuwekewa nyaya mgonjwa hudungwa sindano ya ganzi na hupewa dawa ya kumtuliza. Mara nyingi huachwa akiwa macho ili aweze kujibu daktari anapomwuliza: "Unasikia wapi?" Hulala kifudifudi. Kwa kawaida hurudi nyumbani au kwenye nyumba ya kupanga siku hiyo hiyo. Siku ya kwanza na ya pili mahali pa sindano huuma, na maumivu haya mapya yasichanganywe na yale ya zamani katika daftari.

Ugumu mkubwa wa siku hizi ni kwamba nyaya hazijashikamana na mwili. Mgonjwa akijikunja vibaya zinasogea, na kifaa huanza kutekenya mahali pengine au kuacha kabisa. Kwa hiyo:

- Asiiname, asijipinde kiuno, asinyooshe mikono juu ya kichwa. Nguo ziwe za kufunguka mbele.
- Asibebe kitu kizito. Ndoo ya maji na mtoto ni mzigo mzito.
- Asipikie jiko lililo chini wala kukaa kwenye kigoda. Kiti kiwe cha kimo cha kawaida.
- Choo cha kuchuchumaa ni tatizo. Wanaotafuta mahali pa kufikia wahakikishe kuna choo cha kukalia.
- Asioge maji ya kumwagia wala ya kujitumbukiza. Ajifute kwa kitambaa chenye maji, bandeji ibaki kavu na isifunguliwe nyumbani.
- Asiendeshe gari wala pikipiki kifaa kikiwa kimewashwa.
- Anayezoea kupiga magoti au kusujudu katika sala asali akiwa ameketi.

Pamoja na makatazo hayo, asilale kitandani siku nzima. Akilala tu hatajua kama kifaa kinamsaidia akitembea. Afanye kazi nyepesi za kila siku, polepole. Kifaa huwa na rimoti ya kuongeza na kupunguza nguvu. Mtekenyo unaweza kubadilika akikaa, akisimama au akilala. Ukizidi apunguze, na akishindwa awapigie wahusika wa hospitali. Marekebisho ni sehemu ya jaribio, na kuomba msaada si usumbufu.

Daftari lijazwe asubuhi, mchana na jioni: kiwango cha maumivu kuanzia 0 hadi 10, saa alizolala, umbali aliotembea, dawa alizomeza. Aandike anachosikia, asiandike anachotamani. Daftari la Mwalimu lilianza na 5 siku ya kwanza, na wote wawili walifurahi sana. Siku ya pili likasoma 6. Siku ya tatu 7, na ya nne 7. Hospitali ilirekebisha kifaa mara mbili, lakini namba hazikushuka tena. Jambo hili hutokea. Matumaini na furaha ya mwanzo vinaweza kupunguza maumivu kwa muda, na ndiyo sababu siku moja haitoshi kutoa jibu.

Dalili za hatari

Msindikizaji azijue dalili hizi na asisubiri asubuhi: homa au baridi kali, wekundu, uvimbe au usaha penye nyaya, kichwa kuuma sana hasa mgonjwa anapoketi au kusimama, shingo kukakamaa, miguu kulegea au kufa ganzi, kushindwa kukojoa au kushindwa kuzuia haja. Hali hizi si za kawaida, lakini zikitokea mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Siku ya mwisho

Kwa jaribio la nyaya zilizoingizwa kwa sindano, kuzitoa huchukua dakika chache na kwa kawaida hakuhitaji upasuaji. Wengi hawaandaliwi kwa linalofuata. Hata kama kifaa kilisaidia sana, nyaya zikitoka maumivu hurudi. Kati ya jaribio na kifaa cha kudumu kuna kipindi cha kusubiri, na mtu aliyeonja nafuu huyaona maumivu ya zamani kuwa makali zaidi. Familia ilijue hilo mapema, ikae naye karibu.

Siku ya saba muuguzi alilisoma daftari la Mwalimu, akafunga mlango na kumwuliza: "Unasema unaendelea vizuri, mbona namba zako zinasema vingine?" Mwalimu alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Watu wamechanga. Nikirudi nitawaambia nini?"

Muuguzi alimjibu kuwa akisema ndiyo wakati jibu ni hapana, atafunguliwa mgongo mara ya tatu kwa ajili ya kuwafurahisha watu. Hapo ndipo Mwalimu aliposema kweli. Nyaya zikatolewa, kifaa cha kudumu hakikuwekwa.

Watafiti wanasemaje?

Wafadhili wana haki ya kujua ushahidi ulivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia watu 100 wenye maumivu ya mgongo na mguu yaliyobaki baada ya upasuaji. Baada ya miezi sita, asilimia 48 ya waliowekewa kifaa walipata nafuu ya mguu ya nusu au zaidi, ikilinganishwa na asilimia 9 ya waliotibiwa kwa njia nyingine tu. Hata hivyo, wote walijua nani ana kifaa na nani hana.

Mwaka 2022 watafiti wa Norway walichapisha jaribio la watu 50 waliokwisha kuwekewa kifaa, ambacho kiliwashwa kwa vipindi fulani na vipindi vingine hakikuwashwa, bila wao kujua. Hapakuwa na tofauti kubwa katika uwezo wao wa kufanya shughuli za kila siku. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023 kuhusu maumivu ya kiuno nayo hayakuona ushahidi wa faida ya kudumu inayozidi gharama na hatari zake.

Wapo wagonjwa wanaosema kifaa kimewarudishia maisha, nasi hatuwabishii. Lakini kamati isiahidi kwenye matangazo ya Jumapili kile ambacho watafiti wenyewe bado wanajadiliana.

Wajibu wa kamati na wafadhili

Kutokana na yaliyompata Mwalimu, kamati ile ilikaa na kukubaliana mambo yafuatayo, ambayo tunayapendekeza kwa wengine:

1. Fedha za jaribio zitengwe na fedha za kifaa cha kudumu. Wachangiaji waambiwe tangu mwanzo kuwa jibu linaweza kuwa hapana, na kwamba hapana si hasara.

2. Mgonjwa aambiwe kwa mdomo na kwa barua, kabla hajasafiri, kwamba hadaiwi matokeo.

3. Mtu mmoja tu awe wa kupiga simu, naye azungumze na msindikizaji. Swali la "Umepona?" lisiulizwe. "Umelalaje?" linatosha.

4. Kabla ya kuchangia kifaa cha kudumu kamati iulize: Ni nani atakirekebisha mgonjwa akisharudi nyumbani? Waya ukisogea itakuwaje? Betri ikiisha nani atalipa? Betri zisizochajiwa hudumu miaka michache, na zinazochajiwa huhitaji umeme wa uhakika nyumbani. Je, kifaa kitamzuia asipimwe kwa MRI siku za usoni?

5. Taarifa kwa wafadhili iandike kilichotokea, kiwe kizuri au kibaya. Taarifa zinazosifu tu ndizo zinazowafundisha wagonjwa kuficha.

Mwalimu leo

Aliporudi, Mwalimu aliomba nafasi katika kikao cha kamati, akasoma namba za daftari lake moja baada ya nyingine. Mwenyekiti alimwomba radhi kwa ile simu ya siku ya nne. Wafadhili wote wawili walikubali fedha zilizokuwa zimetengwa kwa ajili ya kifaa cha kudumu zitumike kwa mazoezi ya viungo na dawa zake, na salio lisaidie wagonjwa wengine wawili wa parokia.

Maumivu yake bado yapo, kati ya 6 na 7 siku nyingi. Anafanya mazoezi mara mbili kwa wiki, na dawa ya usiku inamsaidia kulala. Shuleni hajafika, ila anafika kwenye mwembe ulio nusu ya njia, anapumzika, anarudi. Kanisani amewekewa kiti chenye egemeo karibu na mlango. Anasimama anapotaka, na hakuna anayegeuka kumtazama.

Maswali ya kujadiliwa kwenye kamati

- Je, katika parokia yetu kuna watu wanaoishi na maumivu sugu ambao tumewaona kuwa ni wavivu? Tunawafikiaje?
- Tunapochangia matibabu ya mtu, tunamfanya ajisikie huru au ajisikie mdeni?
- Taarifa yetu ya mwisho kwa wafadhili iliandika jambo lolote ambalo halikufanikiwa? Kama hapana, kwa nini?